Ile tunaita kubwa leo, kitambo iliitwa ndogo



Likelemba yetu ya aparei ya foto imefika karibu mwisho, na swali limebaki moja tu: tununue aparei moja ya fulufremu, ama kwa makuta yale yale tununue mbili za kapteri ndogo pamoja na lenzi nzuri? Kwenye grupu watu wamegawanyika kabisa, kama Mazembe na Lupopo siku ya derbi. Wa upande mmoja wanasema mteja akiona aparei ndogo hatakulipa. Wa upande wa pili wanasema hizo ni sifa za bure. Mimi nilisoma historia, sikusoma fizika, lakini ni mwaka wa sita sasa ninapiga mafoto ya ndoa na ya kolasio hapa Lubumbashi, na ninaona watu wanabishana juu ya neno lenye hawajui lilitoka wapi. Acheni niwapeleke nyuma kwanza, kisha tutarudia makuta.

Tuelewane juu ya maneno. Kapteri ni kile kipande cha silisiamu ndani ya aparei chenye kinapokea mwanga, fasi ya filimu ya kitambo. Wandugu wa Tanzania wanaiita kihisi. Fulufremu ni kapteri ya milimita 24 kwa 36. APS-C ya Nikon, Sony na Fujifilm iko karibu 23.5 kwa 15.6, na ya Canon ni ndogo zaidi kidogo, 22.3 kwa 14.9. Micro Four Thirds ya Olympus na Panasonic ni 17.3 kwa 13. Ukipiga hesabu ya eneo, fulufremu ni milimita za mraba 864, APS-C ni 367 hivi, Micro Four Thirds 225. Tofauti ipo, hakuna wa kuikataa. Lakini nani aliamua kwamba 24 kwa 36 ndiyo picha "kamili", na zingine zote ni vipande?

Kusema kweli, hakuna mtu aliyekaa akaamua. Ilitokea tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwenye maabara ya Thomas Edison huko Marekani, William Dickson alichukua filimu ya Eastman yenye upana wa milimita 70, akaikata katikati kwa urefu. Nusu ya 70 ni 35, na hiyo ndiyo asili ya ile "milimita 35" tunayoisikia kila siku. Matobo ya pembeni, yale ya kuvuta filimu, yalikula sehemu yake, na kila picha ya sinema ikabaki na ukubwa wa 18 kwa 24. Mushike hiyo namba, tutaihitaji tena.

Miaka ishirini baadaye, mjini Wetzlar nchini Ujerumani, kulikuwa fundi mmoja wa kampuni ya Leitz, kampuni ya mikroskopu. Jina lake Oskar Barnack. Alikuwa na pumu, na alipenda kutembea milimani kupiga picha. Aparei za enzi ile zilikuwa masanduku yenye kubeba sahani za vioo, na mtu mwenye pumu akipanda nayo mlima anateseka. Barnack akafikiri: filimu ya sinema ni nyepesi, iko tele, na iko bei nzuri. Akatengeneza kisanduku cha chuma chenye kuingia mfukoni mwa koti. Ila picha ya 18 kwa 24 aliiona ni ndogo mno, basi akalaza filimu upande na kuchukua nafasi ya picha mbili za sinema kwa mara moja. Mara mbili 18 ni 36. Hiyo ndiyo 24 kwa 36 yote, wandugu. Karibu mwaka 1914 ile ya kwanza ilikuwa tayari, lakini vita vikaingia, na Leica ikaonyeshwa kwa watu mwaka 1925 tu, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig.

Fotografu wa kazi wa wakati ule waliipokea namna gani? Wengi waliona ni kitu cha kuchezea. Wao walizoea sahani na filimu za senti 9 kwa 12, ama za inchi 4 kwa 5, na sasa mtu anakuja na kipande chenye hakipiti stempu ya posta kwa ukubwa sana. Kwa Kijerumani waliiita "Kleinbild", maana yake picha ndogo, na hata leo ukifungua kitabu cha Kijerumani cha fotografia utakuta 24 kwa 36 bado inaitwa hivyo. Waingereza nao kwenye miaka ya 1930 waliiweka kwenye fungu la aparei vidogo sana. Hiyo ndiyo ile ile yenye tunataka kuuzia mbuzi na redio ya baba leo, eti ni "kubwa".

Mabishano yao yalifanana na yetu neno kwa neno. Wa kubwa walisema: picha yako haina usafi, ukiikuza inaonyesha chembe. Wa ndogo walijibu: wewe hukuwa pale jambo lilipotokea, ulikuwa ungali unasimamisha mguu wa aparei. Hakuna aliyeshinda kabisa. Angalieni vita vya pili vya dunia. Mwezi wa 6 mwaka 1944 Robert Capa aliingia na wanajeshi kwenye pwani ya Normandie, amebeba Contax za filimu ya 35, na zile picha chache zilizobaki zinatetemeka, hazina fokasi nzuri, na dunia nzima inazijua. Mwezi wa 2 mwaka 1945 Joe Rosenthal alipiga askari wa Marekani wanasimamisha bendera juu ya mlima wa Iwo Jima. Yeye alibeba Speed Graphic, sanduku la filimu ya inchi 4 kwa 5. Nayo dunia nzima inaijua. Tofauti ya eneo kati ya zile filimu mbili ni zaidi ya mara kumi na nne. Sisi tunapigana grupu nzima juu ya mara mbili na kidogo!

Hapa kwetu pia historia iko, na sitaki tuipite mbio. Mwaka 1904, kule Baringa, mwanamke mmoja mmisionari kutoka Uingereza, Alice Seeley Harris, alipiga picha ya baba mmoja jina lake Nsala, wa kijiji cha Wala. Amekaa pembeni ya baraza, anaangalia mkono na mguu wa binti yake, ambavyo walinzi wa kampuni ya kaucho walikuwa wamekata. Ile picha na zingine za bibi huyo ziliwekwa kwenye vioo vya taa ya kuonyesha, zikatembezwa kwenye makanisa na makumbi ya Uingereza na Marekani, na watu wakaona kwa macho yao kitu ambacho Leopold wa 2 alikuwa anakikana kwa miaka. Mwandishi Mark Twain, kwenye kitabu chake cha 1905 juu ya mfalme huyo, anamfanya Leopold mwenyewe alalamike kwamba Kodak ndiyo shahidi pekee asiyeweza kumhonga. Ninawaletea hiyo si kwa kulia. Ninaileta sababu ni picha iliyofanya kazi kubwa kuliko picha karibu zote zilizopigwa kwenye nchi hii, na hata siku moja sijasikia mtu anauliza ilipigwa kwa ukubwa gani.

Kisha kuna Jean Depara. Alizaliwa Angola mwaka 1928, akaja kuishi huku, na mwaka 1950 alinunua kiaparei cha Adox kwa sababu moja rahisi: alikuwa anaoa, alitaka mafoto ya ndoa yake. Miaka michache baadaye alikuwa fotografu wa Franco, na usiku wa Léopoldville wote ukawa wake: ma-bar, wanawake wa mitindo, vijana waliovaa kama kauboi wa sinema. Ukiona picha zake unafahamu kwamba mtu huyu alikuwa anaingia fasi watu wako na furaha bila kuwasimamisha. Mfikirie na sanduku la Rosenthal mbele ya orkestra saa saba ya usiku. Haiwezekani. Upande mwingine, kule Bamako, Seydou Keïta alikuwa kwenye uwanja wa nyumba yake na aparei kubwa ya 13 kwa 18, sentimita munielewe, si milimita, na watu ndio walikuwa wanamfuata. Walipanga foleni, wakavaa vizuri, wakakaa kimya mbele ya kitambaa cha maua. Keïta alichagua kubwa sababu kazi yake ilikaa fasi moja. Depara alichagua ndogo sababu kazi yake ilikuwa inakimbia. Kwangu mimi hao wawili walishajibu nusu ya swali letu.

Na tarehe 29 mwezi wa 6 mwaka 1960, siku moja mbele ya uhuru, Mjerumani Robert Lebeck alikuwa pembeni ya gari ya mfalme Baudouin kule Léopoldville, wakati kijana mmoja alipomnyang'anya mfalme upanga wake. Tukio lenyewe lilikuwa la sekunde chache. Lilinaswa kwenye "picha ndogo" ya 24 kwa 36, na sanduku kubwa lingelikosa.

Kwa hiyo kufikia miaka ya 1960 ile ndogo ilikuwa imeshinda kwenye magazeti, na mara moja ikaanza kuitwa ya kawaida. Neno "fremu kamili" lilipata maana wakati nusu yake ilipotokea: mwaka 1959 Olympus ya Ujapani ilitoa Pen, kazi ya fundi Yoshihisa Maitani, yenye kupiga 18 kwa 24. Filimu ya picha 36 ikakupa 72. Iliuzwa sana, sababu filimu ilikuwa bei nguvu na watu walikuwa na mishahara midogo. Mnaikumbuka ile namba? 18 kwa 24 ni picha ya sinema ya Dickson. Na APS-C ya leo, 15.6 kwa 23.5, iko jirani kabisa na hiyo. Sinema nyingi tulizokua nazo, zile za karate na za kauboi zenye kujaza ukuta mzima wa salle, zilipigwa kwenye fremu ya ukubwa huo. Mwaka 2010 kampuni ya ARRI ilitoa kamera ya Alexa, ikabadilisha kazi ya Hollywood, na kapteri yake iko kwenye ukubwa huo huo wa sinema. Njo maana mtu akiniambia APS-C "si ya profesionali", ninamuuliza alipenda filme gani mara ya mwisho.

Sasa dijitali. Hapa nitapita haraka fasi fulani, na fasi moja nitakaa.

Mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak alitengeneza aparei ya kwanza ya dijitali: nukta 100 kwa 100, picha moja ikichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Mwaka 1991 Kodak ikauza DCS, mwili wa Nikon F3 uliowekwa kapteri ya megapikseli 1.3, kwa dola 20,000 hivi. Mwaka 1999 Nikon ikatoa D1 ya megapikseli 2.7, kwa dola 5,000 hivi, na magazeti yakaanza kutupa filimu. Hizo zote mbili zilikuwa na kapteri ndogo kuliko filimu. Hakuna aliyesema kwamba ndogo ni tamu. Walishindwa tu kutengeneza kubwa kwa bei ya mtu kununua.

Kwa nini? Hapa ndipo nitakaa, sababu ukifahamu hili utafahamu bei zote. Kapteri inachongwa kutoka sahani ya duara ya silisiamu. Tuseme sahani ina upana wa sentimita 20. Eneo lake ni milimita za mraba 31,400 hivi. Ukigawanya kwa 864 unapata 36, lakini sahani ni duara na kapteri ni mstatili, kwa hiyo pembeni unapoteza, tuseme unabaki na 30 tu. Kwa APS-C unaweza kupata 75 ama zaidi. Sasa chukua makosa: chembe moja ya vumbi, kasoro moja kwenye silisiamu, inaua kapteri nzima yenye kuipata. Tuseme sahani ina kasoro 10 na kila moja imeanguka kwenye kapteri yake. Za fulufremu umepoteza 10 kwenye 30, moja kwa tatu. Za APS-C umepoteza 10 kwenye 75, haifiki moja kwa saba. Wenye kukata mikate wanajua hii hesabu: jiwe moja kwenye mkate mkubwa linakuharibia mkate mkubwa. Ongeza kwamba mashine za kuchapa silisiamu haziwezi kuchapa eneo la 24 kwa 36 kwa pigo moja, lazima waunganishe vipande viwili ama zaidi, na kila kiungo ni kazi na hasara. Ndiyo maana kapteri yenye eneo mara mbili haigharimu mara mbili, inapita mbali.

Njo maana ya kwanza kabisa ilianguka. Mwaka 2002 Contax ilitoa N Digital, DSLR ya kwanza ya fulufremu kuuzwa, na haikudumu sokoni. Mwaka ule ule Canon ikatoa EOS-1Ds, megapikseli 11, dola 7,999. Mwaka uliofuata Canon hiyo hiyo ikatoa 300D ya APS-C kwa dola 899, na hapo ndipo watu wa kawaida waliingia. Fulufremu ilipata mlango wa chini kidogo mwaka 2005 na Canon 5D, dola 3,299. Nikon ilikaa miaka 8 inauza kapteri ndogo peke yake, mpaka 2007 ilipotoa D3, yenye kuona usiku kuliko aparei zote za wakati ule, na fotografu wa michezo wakaikimbilia. Sony ikavunja bei tena mwaka 2013 na A7, dola 1,699, bila kioo ndani. Mwaka 2018 Canon na Nikon zikafuata njia hiyo.

Neno "APS" lenyewe lina kichekesho chake. Ilikuwa aina ya filimu iliyotolewa mwaka 1996 na Kodak, Fujifilm, Canon, Nikon na Minolta pamoja, filimu ndogo kuliko 35, kwa watu wa likizo. Ilikufa haraka, dijitali iliimeza. Jina tu ndilo lilibaki, limebandikwa kwenye kapteri zenye ukubwa wa karibu. Yaani mamilioni ya watu wanatembea na aparei yenye jina la marehemu.

Sasa kwa nini dunia ya dijitali iliitamani 24 kwa 36 kiasi kile? Sababu kubwa, nionavyo mimi, ilikuwa lenzi, ile tunaita objektifu. Watu walikuwa na mabegi ya lenzi za filimu. Lenzi ya Nikon ya milimita 28, yenye kuona upana wa chumba, ukiiweka kwenye kapteri ndogo inaona kama ya 42. Upana umeenda. Kwa fotografu wa Paris ama Tokyo mwenye lenzi za miaka ishirini kabatini, fulufremu ilikuwa kurudishiwa mali yake. Kwa sisi, nani kati yetu yuko na kabati hilo? Tunaanza na mkono mtupu. Lenzi za APS-C leo zinatengenezwa za upana wote. Ile hasara ya 1999 si ya kwetu.

Inabaki mwanga, na hapo wa fulufremu wako na haki. Kwa lenzi yenye uwazi ule ule, f/1.8 kwa f/1.8, kapteri kubwa inakusanya mwanga mara 2.3 zaidi, kwa sababu eneo lake ni mara 2.3. Kwenye salle ya ndoa yenye taa za zambarau na jenereta yenye kukohoa, hiyo inaonekana: picha ina chembe kidogo. Sitawadanganya. Lakini tazameni tutanunua nini kwa kweli. Tukichukua mwili wa fulufremu, makuta yanaisha, na tutabaki na ile lenzi yenye kuja na boksi, ambayo ukivuta zumu inafunga mpaka f/5.6. Tukichukua APS-C tutabaki na ya kununua milimita 35 ya f/1.8, yenye kuona karibu kama 50 ya fulufremu. Kati ya f/1.8 na f/5.6 mwanga unatofautiana karibu mara 10. Gawa kwa 2.3, ile faida ya kapteri kubwa. Inabaki zaidi ya mara 4, kwa upande wa ndogo! Mwenye kapteri ndogo na lenzi nzuri anamshinda mwenye kapteri kubwa na lenzi ya boksi, gizani, fasi ile ile ambako kubwa ilikuwa inajisifu.

Na kazi yetu ya kolasio je? Mwanafunzi anatoka na toge, familia watu 15 wanapanga mistari mitatu, mama mkubwa kwenye kiti. Unataka wote waonekane safi, kuanzia kofia mpaka kaka wa nyuma mrefu. Kwenye fulufremu ukifungua f/1.8 unapata mstari mmoja, wa nyuma ni ukungu. Ili upate unene wa fokasi wa APS-C kwa f/1.8, lazima ufunge fulufremu mpaka f/2.7 hivi, na hapo ile faida ya mwanga yote imeenda. Ule ukungu wa nyuma wenye watu wanapenda kwenye picha ya bibi harusi, ndiyo, fulufremu inautoa kwa urahisi. Lakini bibi harusi mmoja ana mashangazi thelathini.

Jambo lingine halisemwi kwenye video za YouTube za Wamarekani: aparei kubwa inavuta macho. Barabarani, sokoni, kwenye mlango wa ofisi yoyote, mwenye lenzi ndefu anaulizwa karatasi mbele ya mwenye aparei ndogo. Na aparei moja tu ikianguka siku ya ndoa, ndoa imekwisha kwenu. Aparei mbili ndogo ni mtu wa pili kwenye kazi, na ni usalama. Depara angenielewa.

Fujifilm wenyewe wanafundisha kitu hapa. Tangu X-Pro1 ya 2012 wamekaa kwenye APS-C, na walipotaka kubwa waliruka fulufremu kabisa, wakatoa GFX ya 43.8 kwa 32.9, yaani karibu mara 1.7 ya hiyo tunaita kamili. Kwa mtu wa GFX, ninyi wote wa fulufremu ni wa kapteri ndogo. Olympus kwa upande wake ilishikilia ndogo mpaka mwisho, na mwaka 2020 ikatangaza kuuza kazi yake ya aparei. Kwa hiyo sisemi ndogo inashinda daima. Watengenezaji wanakwenda fasi kwenye faida, na faida sasa iko kwenye fulufremu, na lenzi mpya nyingi nzuri zinatoka upande huo. Hiyo ni hoja ya kweli ya wenzetu, kuliko ile ya "mteja ataona".

Kapembeni kidogo: kapteri ni silisiamu, haitoki kwetu. Lakini betri za litiamu zenye kuiwasha zinahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwenye Katanga yetu hii. Koltani ya Rubaya nayo inaingia kwenye elektroniki za dunia. Sammy Baloji wa hapa Lubumbashi alishika jambo hili mapema: kwenye kazi yake "Mémoire" ya 2006 alichukua picha za kikoloni za wafanyakazi wa migodi akazipandisha juu ya mabaki ya Gécamines. Mtu anayetaka kufanya historia kwa picha aanze na zile.

Kura yangu basi: mbili za APS-C, za okazio kama ziko safi, lenzi moja ya 35 f/1.8, moja ya zumu, na flashi mbili. Tukikuta kazi ya studio yenye kulipa, kama Keïta, tutarudi kuongea juu ya kubwa. Wenye kura tofauti walete hesabu yao, si jina la aparei. Tunakutana siku ya posho, saa nane, fasi ile ya kila mara. Mwenye kujua duka lenye kukubali tuzijaribu mbele ya kulipa aniandikie kabla ya siku ya tano, na mwenye kwenda kuangalia abebe karatasi nyeupe: unaipiga picha kwa f/16, unaikuza, na vumbi lote la kapteri linaonekana kama madoa.